Fahamu: Kwa nini mzee hula akashiba, lakini mwili ukabaki na njaa

Mungaa, wilayani Ikungi, mkoa wa Singida, ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Mvua ikikatika mapema, ghala hubaki tupu kabla ya mavuno mengine.

Kwa nini wazee huumia zaidi?
Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Nguvu za jembe zimepungua, meno yameng'oka, na mara nyingi analea wajukuu, hivyo huwapa wao kwanza.

Tatizo ni uhaba wa chakula tu?
Hapana. Ugali wa mtama au uwele kwa mlenda hushibisha. Lakini mwili wa mzee hupoteza misuli, hivyo unahitaji protini: kunde, karanga, mayai, maziwa. Kuku na mayai yapo, ila mara nyingi huuzwa kupata fedha za dawa au sabuni. Mbali na protini, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku.

Msaada upo?
Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hutoa ruzuku kwa kaya maskini. Kwingineko nchini, Zanzibar ilianza pensheni jamii mwaka 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi.

Ufanye nini?
Kabla hujauza trei la mayai, mwekee bibi yai moja.