Kwa Nini Mawingu Hutatiza Vipimo vya Ozoni

Kila siku, mwendo wa saa saba na nusu mchana, setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-5P hupita angani ikipima gesi ya ozoni. Takwimu za aina hii husaidia kukadiria ukali wa jua na ubora wa hewa. Hata hivyo, siku ya mawingu zinahitaji kusomwa kwa uangalifu.

Setilaiti hupima mwanga wa jua unaorudi juu kutoka ardhini na hewani. Ozoni hufyonza sehemu ya mwanga huo. Ozoni ikiwa nyingi, mwanga unaorudi hupungua.

Mawingu huvuruga hesabu hiyo kwa njia mbili kuu. Kwanza, wingu zito huwa kama pazia: ozoni iliyo chini yake haionekani. Pili, mwanga ukiingia ndani ya wingu huzungukazunguka kabla ya kutoka, hivyo hupita kwenye ozoni nyingi kuliko inavyotarajiwa. Wanasayansi hurekebisha kwa kupima kimo cha wingu, kisha kuongeza kiasi kinachokadiriwa kuwa chini yake.

Kwa jumla ya ozoni, kosa huwa dogo. Takriban asilimia 90 ya gesi hii iko juu sana kuliko mawingu mengi, ambako hutukinga dhidi ya miale hatari ya jua. Shida ni ile iliyo karibu na ardhi, inayotokana na moshi wa magari na viwanda. Hiyo huwasha mapafu, huwasumbua wenye pumu na hupunguza mavuno. Wingu likitanda, hiyo ndiyo setilaiti isiyoiona.

Ndiyo maana tangu miaka ya 1990, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa imekuwa ikirusha maputo yenye vifaa vya kupima ozoni kutoka Dagoretti Corner, Nairobi. Puto hupenya wingu na kupima kila tabaka la hewa linalopitia. Vipimo vyake hutumiwa kukagua vile vya setilaiti.

Wakaazi wakumbuke mambo mawili. Ramani ya setilaiti ya siku ya mawingu si kipimo cha hewa ya mtaani kwako. Pia, mawingu hayazuii miale yote ya jua. Watu wenye ualbino, na wote wanaoshinda nje, waendelee kuvaa kofia pana na nguo za mikono mirefu hata jua lisipoonekana.