Ugonjwa wa Kujinyima Chakula na Tiba Yake

Umekwisha kujifunza kwamba chakula huupa mwili nguvu, huujenga na kuukinga na maradhi. Lakini wako watu ambao chakula wanacho, wala hawali. Watu hao ni wagonjwa. Ugonjwa wao huitwa anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula.

Ugonjwa huu si saumu. Mwenye kufunga hufuturu jua likichwa. Mgonjwa wa anoreksia huogopa kunenepa, hata akiwa amekonda sana. Ugonjwa huu si ukaidi wala maringo, wala hauletwi na uchawi. Huwapata wasichana zaidi, lakini wavulana pia huugua. Mara nyingi huanza katika umri wa kubalehe.

Mwili wenye njaa

Mwili usiopata chakula hutumia mafuta uliyoyaweka akiba. Mafuta yakipungua, hutumia misuli yake. Kumbuka kwamba moyo nao ni msuli. Kwa hiyo moyo wa mgonjwa hudhoofika na kupiga polepole. Mgonjwa huhisi baridi, hupata kizunguzungu, na mifupa yake hupungua nguvu.

Ubongo nao huhitaji chakula. Mwaka 1945, huko Minnesota, Marekani, wanaume wenye afya njema walijitolea kula chakula kidogo kwa muda wa miezi sita ili wataalamu waichunguze njaa. Walipatwa na huzuni na hasira, wakajitenga na wenzao, wakawa wanawaza chakula mchana kutwa. Waliporudishiwa chakula, walipata nafuu polepole.

Tunajifunza kwamba ubongo wenye njaa hauwazi vema. Ndiyo maana mgonjwa husema, "Mimi si mgonjwa." Yeye hasemi uongo, haioni hatari.

Tiba

Madaktari William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliueleza ugonjwa huu mwaka 1873. Kwa miaka mingi baadaye, madaktari wengi waliwatenga wagonjwa na wazazi wao. Katika miaka ya 1980, wataalamu wa London walionyesha kwamba wazazi wenyewe waweza kuwa wasaidizi wakubwa wa mtoto anayeugua. Wao humwandalia chakula, huketi naye na humhimiza kwa upole mpaka amalize.

Aliyedhoofika sana hutibiwa hospitalini. Huko chakula huongezwa kidogo kidogo, kwa sababu chakula kingi cha ghafla chaweza kuvuruga chumvichumvi za damu na kuudhuru moyo. Daktari huupima moyo na damu, mtaalamu wa lishe hupanga chakula, na mshauri huzungumza na mgonjwa juu ya hofu yake. Kupona huchukua miezi, pengine miaka, lakini wengi hupona.

Mahali pa kupata msaada

Kwanza, mwambie mzazi au mwalimu. Pili, mgonjwa apelekwe zahanati au kituo cha afya. Tatu, ikihitajika, atapelekwa hospitali kubwa yenye wataalamu wa afya ya akili. Mtoto asiye na mtu wa kumweleza aweza kupiga simu namba 116, bila malipo.

Wajibu wako

Tuseme rafiki yako hugawa chakula chake chote kila siku. Amekonda, na amekuomba usimwambie mtu. Ufanye nini?

Usimcheke, usimsifu kwa kukonda, wala usimlazimishe kula. Keti naye, cheza naye, na umweleze mtu mzima unayemwamini. Huenda rafiki yako akakukasirikia. Hata hivyo, wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua. Hasira ya rafiki hupoa. Moyo uliodhoofika hauwezi kungoja. Na kama mgonjwa ni wewe mwenyewe, huna kosa. Sema leo.

Maswali

1. Taja tofauti moja kati ya saumu na anoreksia.
2. Kwa nini moyo wa mgonjwa hudhoofika?
3. Kwa nini aliyedhoofika sana hapewi chakula kingi kwa ghafla?
4. Andika majina ya watu wazima wawili ambao ungeweza kuwaeleza habari ya rafiki anayejinyima chakula.