Ganzi au Nusu Kaputi kwa Wazee Wetu?

Wengi wetu, mzee akipelekwa kuondolewa mtoto wa jicho, humwomba daktari amlaze kwa nusu kaputi ili asiogope. Ni huruma, lakini yaweza kumdhuru: baadhi ya wazee huamka wamechanganyikiwa kwa siku kadhaa, hata wasiwatambue wana wao. Kwa jicho, aghalabu matone ya ganzi yatosha, au sindano kando yake. Tangu mwaka 1884 Karl Koller alilidhihirisha hilo mjini Vienna. Asiyeweza kutulia, kama mwenye kutetemeka sana, huenda akahitaji kulazwa. Daktari naye aelezwe dawa zote anazotumia mzee. Mama yetu, alipoulizwa mwenyewe (sisi tulikuwa tumekwisha kumwamulia!), alichagua ganzi, adhuhuri alikuwa nyumbani akiulizia uji.