MBONA PEREMENDE HALALI HUKU IWE MARUFUKU KULE?

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni kama usiku wa kiza. Mimi nilikuwa katika kiza hicho hadi muhula wa kwanza, na aliyenizindua ni mwenzangu wa darasani, ingawa hakuwa na nia hiyo.

Mamangu huuza mabuyu na peremende kwenye meza karibu na stendi ya matatu. Meza hiyo ndiyo inayoninunulia sare na chakula cha mchana. Siku moja wakati wa mapumziko nilikuwa nikiwagawia marafiki vifuko vya mabuyu. Mwenzangu huyo akapaza sauti, darasa zima likasikia: "Kwani nyinyi mwala sumu? Vitu kama hivyo vimepigwa marufuku Ulaya! Mamake anauza sumu!" Darasa likaangua kicheko. Nilitamani kumjibu, lakini ningejibu nini? Sikujua kama ni kweli ama ni porojo tu.

Jioni hiyo nilimwendea mwalimu wetu wa kemia. Hakunicheka. Alinipa vitabu viwili na kuniruhusu kutumia kompyuta ya maabara baada ya masomo. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuelewane kuhusu viungio. Hivi ni vitu vinavyotiwa ndani ya chakula ili kukipa rangi au ladha, kukifanya kiwe kizito, au kukizuia kisioze mapema. Katika peremende, kinachozua maneno mengi zaidi ni rangi. Sukari ukiichemsha haitoki nyekundu wala kijani, bali hugeuka ya kahawia. Rangi hutiwa ili jicho litamani kabla ya ulimi kuonja. Zamani rangi nyingi za viwandani zilitengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe, na siku hizi hutokana na mafuta ya petroli. Hilo peke yake halizifanyi ziwe sumu, kwani hata dawa nyingi za hospitali asili yake ni hiyo hiyo.

Sasa basi, mbona nchi moja ikubali na nyingine ikatae? Nilipata sababu nne.

Sababu ya kwanza ni sumu ya wazi. Mnamo mwaka 1858 katika mji wa Bradford, Uingereza, sukari ilikuwa ghali, na watengenezaji wa peremende walikuwa na mazoea ya kuichanganya na unga wa bei rahisi, kama vile plasta. Siku moja msaidizi katika duka la dawa alikosea akauza aseniki badala ya unga huo, maana vyote viwili ni vyeupe. Peremende zikatengenezwa, zikauzwa sokoni. Watu wapatao 20 walifariki na wengine wapatao 200 wakaugua. Msiba huo ulichangia kupitishwa kwa sheria ya mwaka 1860 dhidi ya kughushi chakula. Na msidhani mambo hayo yaliisha zamani. Mnamo Februari 2024, jimbo la Tamil Nadu kule India lilipiga marufuku zile peremende laini kama pamba zinazozungushwa kijitini. Zilipopimwa, zilipatikana na rodamini B, ambayo ni rangi ya kutia nguo! Hapa hakuna ubishi. Kitu kama hicho hakifai kuliwa popote pale.

Sababu ya pili ni shaka, na hapa ndipo nchi zinapoanza kutofautiana. Wanasayansi huwalisha wanyama kama panya kiungio kwa viwango mbalimbali, hadi wajue ni kiasi gani hakiwadhuru. Kisha kiasi hicho hupunguzwa, mara nyingi kwa kugawanywa kwa 100, ili kumlinda binadamu. Kuna kamati ya wataalamu wa FAO na WHO inayofanya kazi ya kukadiria viwango hivyo tangu mwaka 1956. Chukua mfano wa rangi nyekundu iitwayo erithrosini. Kamati hiyo iliruhusu isizidi miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzani wa mwili kwa siku. Piga hesabu: mtu mzima wa kilo 60 asizidishe miligramu 6, lakini mtoto wa kilo 20 asizidishe miligramu 2. Kwa hivyo peremende moja si sawa kwa baba na kwa kitinda mimba wake, na tunajua ni nani kati yao anayezila zaidi.

Lakini je, ushahidi ukiwa nusunusu? Kuna unga mweupe uitwao titani dioksidi unaofanya peremende na chingamu zing'ae. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Ulaya walisema hawawezi kuondoa shaka kwamba unaweza kudhuru chembechembe za urithi mwilini. Hawakusema umethibitishwa kudhuru. Ufaransa ilikuwa tayari imeuzuia tangu mwaka 2020, na Umoja mzima ukafuata mwaka 2022. Uingereza, ambayo ilikuwa imeshajitoa katika Umoja huo, haikufuata, na Marekani nayo ikaendelea kuuruhusu usipozidi asilimia moja ya uzani wa chakula. Ushahidi ni ule ule. Mmoja anasema, "Maadamu kuna shaka, kitoe." Mwingine anasema, "Nionyeshe madhara kwanza."

Wakati mwingine nchi huchagua njia ya katikati. Mwaka 2007 watafiti wa Southampton, Uingereza, waliwapa watoto vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi, wakaona baadhi yao wakizidi utundu. Umoja wa Ulaya haukuzipiga marufuku rangi hizo. Badala yake, tangu mwaka 2010, chakula chenye rangi yoyote kati ya sita zilizotajwa lazima kiandikwe onyo kwamba huenda ikaathiri utendaji na umakini wa watoto. Makampuni mengi yaliona afadhali kubadilisha rangi kuliko kuandika onyo hilo.

Sababu ya tatu ni sheria yenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1960 inasema kwamba rangi ikisababisha saratani kwa mtu au kwa mnyama, isitumike katika chakula. Ile erithrosini niliyoitaja ilisababisha saratani kwa panya dume waliolishwa nyingi. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani iliifuta, ikawapa watengenezaji wa vyakula hadi Januari 2027, huku ikieleza kwamba yaliyowapata panya hao hayatokei kwa binadamu kwa njia hiyo. Yaani sheria haikuwaachia nafasi. Ulaya nayo iliibakishia matunda ya cheri yaliyotiwa sukari tu. Lakini ona kioja hiki: rangi nyingine nyekundu, amaranthi, ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1976, nayo Ulaya ikaendelea kuiruhusu katika vitu vichache. Kwa hivyo anayedhani kwamba Ulaya hukataza kila kitu na Marekani huruhusu kila kitu, amekosea.

Sababu ya nne haihusu sumu kabisa. Kuna jeli za vikombe vidogo zilizotengenezwa kwa unga wa mmea wa Asia uitwao konjaki. Hazina ubaya tumboni, ila haziyeyuki mdomoni, na mtoto akizifyonza hukwama kooni. Watoto kadhaa duniani walikufa hivyo, na mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ukazizuia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 nayo hairuhusu peremende yenye kitu kisicholiwa ndani yake, ndiposa mayai ya chokoleti yenye kidude cha kuchezea yakazuiliwa huko. Na Singapore je? Mwaka 1992 ilikataza uuzaji wa chingamu kwa ajili ya usafi, maana watu walikuwa wakizibandika hata kwenye milango ya treni!

Baada ya kuyajua haya nilirudi nyumbani kifua mbele. Nilikagua peremende zote za Mama, nikasoma karatasi zake. Niliona namba 102, 110 na 129. Hizo ni rangi zinazoruhusiwa hata Ulaya, ila kwa lile onyo. Nikasema moyoni, kesho yule mwenzangu atanijua.

Kisha nikayafikia mabuyu. Haya Mama huyapika mwenyewe. Huchemsha sukari na maji, akatia hiliki, pilipili na rangi, halafu akamimina mabuyu na kuyakoroga hadi yashike.

"Mama, hii rangi inaitwaje?"

"Si rangi ya mabuyu, mwanangu."

"Nauliza jina lake. Imetoka wapi?"

"Kwa muuzaji kule sokoni. Hupima kwa kijiko. Kwani kuna nini?"

Ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Haikuwa na jina, namba, wala alama yoyote ya ubora. Labda ilikuwa ya chakula. Labda ilikuwa ya mikeka au nguo, kama ile ya India. Sikuwa na njia ya kujua, na Mama hakuwa nayo pia. Nilimweleza polepole, nikiogopa. Alinikatiza: "Nimewalea nyote kwa mabuyu haya." Hakusema neno jingine usiku huo, nami nilijuta kumuuliza.

Kesho yake nilipotoka shule nilikuta kikopo kipya jikoni. Kilikuwa na jina la rangi, namba yake, maelezo ya kipimo, na alama ya KEBS, lile shirika la kukadiria ubora wa bidhaa lililoanzishwa nchini mwaka 1974. Ile ya gazetini sikuiona tena, wala sikuuliza ilienda wapi. Sasa Mama hupima kwa kijiko kidogo badala ya kukisia kwa macho. Mabuyu yetu yamefifia kidogo, na wateja wengine hunung'unika ati hayatii ulimi wekundu kama zamani. Mama huwajibu, "Ladha ni ile ile, onjeni."

Yule mwenzangu sikumfokea. Nilimwambia alikosea kuhusu peremende za dukani, na kwamba kuhusu mabuyu hakuna aliyejua, hata mimi mwenye mama. Alinyamaza kidogo, akaniomba kifuko kimoja. Nilimuuzia.

Wenzangu, ukisikia kitu kimepigwa marufuku mahali fulani, usikimbilie kusema ni sumu, wala usipuuze. Uliza kilikatazwa na nani, kwa sababu gani, na ni kiasi gani kinachodhuru. Na ukinunua kitu chenye rangi kali kisicho na maandishi, hapa nje ya lango letu au kwingineko, muulize muuzaji rangi hiyo ni gani. Muulize kwa heshima, maana huenda naye hajui, na huenda ni mama ya mtu. Kuuliza si ujinga.