Mikojo inachoma? Vidonge vinne vya muuza dawa havitoshi

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama zetu mnaosafisha kasiterite mtoni, leo tunasema wazi jambo ambalo wengi wanaficha kwa haya: mikojo inayochoma kama pilipili.

Hapa Kalima tunajua namna inavyokwenda. Mtu anasikia maumivu, anapita kwa muuza dawa, ananunua ampisilini nne kufuatana na franka alizo nazo mfukoni. Kisha siku mbili anasikia nafuu, vidonge vinavyobaki anampa mke. Shida iko hapo. Dawa kidogo inaua bakteria zilizo zaifu tu. Zile zenye nguvu zinabaki, zinazaana, tena zinaweza kupitishia zingine ule ujanja wa kushinda dawa.

Si maneno ya kutisha watu. Mwaka 2012 na 2013, watafiti walipima mikojo ya wagonjwa kwenye hospitali kubwa ya jimbo kule Bukavu. Zaidi ya nusu ya bakteria walizopata ilikuwa Escherichia coli. Hiyo inaishi ndani ya matumbo yetu sote, inaleta ugonjwa ikipanda kwenye njia ya mikojo. Ampisilini na kotrimoksazoli, zile zile tunazonunua kila siku, mara nyingi zilishindwa kuiua.

Kenya, Tanzania na Uganda nako walipima zaidi ya watu 7 000 wenye dalili za ugonjwa huu. Karibu mmoja tu kwa watatu ndiye aliyekutwa kweli na bakteria kwenye mikojo. Na kati ya hao, kama nusu walikuwa na bakteria sugu kwa dawa za aina nyingi. Maana yake, kuchoma peke yake hakutoshi kujua ugonjwa. Kunaweza kuwa ugonjwa wa zinaa, ambao unataka dawa nyingine.

Kazi yetu nayo inaongeza hatari. Mwanaume anashinda shimoni bila maji ya kunywa. Mama anabana mikojo tangu asubuhi sababu hakuna choo, na njia yake ya mikojo ni fupi, bakteria zinapanda haraka.

Basi, tupime mikojo kwanza kwenye kituo cha afya. Tumeze dawa mpaka siku ambayo munganga amesema, na tusigawanye. Mwenye homa na maumivu ya kiuno, ao mama mwenye mimba, aende siku ile ile, asingoje: bakteria zikifika kwenye figo, ni kulala hospitali, na siku hizo mshahara hauingii.

Kwa wenye machimbo, sisi wa sendika tunadai mambo matatu: choo cha wanawake na cha wanaume, maji safi ya kunywa, na pesa ya kupima mikojo. Si zawadi. Ni vyombo vya kazi, sawa na pauro na nyundo.