Setilaiti haijui boriti: kazi ya wanafunzi wanaopima mikoko

Ukisikia kwamba Kenya ina zaidi ya hekta 60,000 za mikoko, na kwamba zaidi ya nusu yake iko Lamu, usidhani kuna mtu aliyezunguka na kamba ya kupimia mkono kwa mkono wa bahari. Hesabu kama hiyo hutoka katika picha za setilaiti. Na katika maabara zinazozisoma picha hizo huwamo vijana wa shahada ya kwanza, ambao hata joho hawajalivaa, wakifanya kazi ambayo wengi wetu hapa Pwani hatujaelezwa. Kazi hiyo yatuhusu, kwa sababu nambari zinazotoka humo ndizo zinazoamua nani akate, nani apande na nani alipwe.

Tuanze na picha yenyewe. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, huigawa ardhi katika vipande vya mraba vya mita 10 kwa 10, viitwavyo pikseli. Landsat ya Marekani, iliyoanza mwaka 1972, leo hutumia vipande vya mita 30 kwa 30. Picha za zote mbili hutolewa bure. Kila kipande hubeba nambari za mwanga uliorudi juu kutoka ardhini, ukiwemo mwanga wa infraredi ambao jicho haliuoni. Jani lenye afya humeza mwanga mwekundu na kurudisha infraredi kwa wingi, ilhali maji humeza karibu infraredi yote. Kwa kulinganisha nambari hizo, kompyuta hutenganisha msitu na bahari.

Lakini kompyuta haizaliwi na elimu, hufunzwa. Hapo ndipo mwanafunzi anapoingia. Hupewa mamia ya nukta juu ya picha, na kila nukta aseme ni nini: mikoko, maji, tope, minazi au shamba la chumvi. Katika maabara makini, wanafunzi wawili huzipitia nukta zile zile kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, mtu wa tatu huamua. Kazi hii yachosha, na yataka uaminifu, kwani anayebahatisha hapa hupotosha ramani nzima.

Yataka pia ujuzi wa mahali. Picha iliyopigwa maji yamejaa huonyesha miche ya mikoko kama bahari tupu. Picha ya masika huwa na mawingu tele. Shamba la miembe lililo karibu na ufuo laweza kufanana na mikoko. Kijana aliyekulia Ngomeni, anayejua mashamba ya chumvi yalipo na maji hufika wapi bamvua likija, huziona hitilafu hizi upesi kuliko aliyesoma vitabuni tu.

Baada ya hapo ni kutoka nje. Wanafunzi huingia matopeni na kifaa cha GPS, hupima eneo la mita 10 kwa 10, na kila mti ulio ndani yake huandikwa jina, kimo na unene. Mti wa kawaida hupimwa unene mita 1.3 kutoka chini. Lakini mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyopanda juu kama miguu ya kaa, hupimwa juu ya mzizi wa mwisho. Vipimo hivyo ndivyo vinavyogeuzwa kuwa uzito wa kuni na kaboni iliyomo.

Sehemu ya nukta zao hutumika kuifunza kompyuta. Sehemu nyingine hufichwa, kisha kompyuta hutahiniwa kwazo. Ni kama mtihani wa shule: mwalimu akiuliza maswali yale yale aliyokwisha kuyatolea majibu, kila mtoto atapasi na hutajua nani ameelewa. Ndiyo maana ramani ya kuaminika hutaja kiwango chake cha makosa.

Makosa hayo si jambo dogo. Chukua kosa la asilimia 5 tu katika hekta 60,000: ni hekta 3,000. Msitu wa Gazi unaosimamiwa na mradi wa Mikoko Pamoja ni hekta 117, na tangu mwaka 2013 jamii ya pale imekuwa ikiuza kaboni na kutumia mapato kwa maji na shule. Yaani kosa dogo kwenye karatasi laweza kumeza misitu ishirini na mitano kama ule.

Na kuna jambo ambalo picha hizi haziwezi kulionyesha vizuri. Mkataji huchagua. Huchukua mapau na maboriti yaliyonyooka na kuacha miti iliyopinda. Kutoka juu majani bado yamefunika na rangi ni ya kijani, kumbe ndani hakuna tena mti wa kuezekea. Msitu wa kijani si lazima uwe msitu mzima. Visiki huonwa na mtu aliye chini. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii mnamo Februari 2018, wakataji wa Lamu walikosa riziki yao. Amri za uzito huo zastahili kutegemea ramani iliyohakikiwa na watu walioingia msituni.

Kwa hivyo, ramani ya mikoko ikiletwa barazani, tuulize: picha ilipigwa maji yakiwa wapi? Nani alikwenda kuhakiki? Kosa lake ni kiasi gani? Na wazazi wenye watoto wanaopenda jiografia na hesabu wajue kwamba mlango huu uko wazi. Masomo ya misitu, mazingira, bahari na upimaji ardhi yote yaelekea huko, na programu ya ramani kama QGIS ni ya bure. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Miti tunayo, na vijana wanaojua tofauti ya mkandaa, mchu na muia tunao pia. Kilichobaki ni wao kuketi mbele ya zile picha, kabla wengine hawajatuhesabia.