Wanyika ni Wangapi? Bendi, Mtindo na Suala la Mtunzi katika Nyimbo za Dansi

Makala haya yametokana na aibu. Muhula uliopita niliwasilisha kazi ya semina juu ya mapenzi na lawama katika nyimbo za dansi za Afrika Mashariki. Hoja yangu kuu niliisimamisha juu ya wimbo "Sina Makosa", ambao nilieleza kwa kujiamini kabisa kuwa ni kazi ya Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga. Sikuishia hapo. Nilichambua namna msemaji wa wimbo ule anavyojitetea, nikaunganisha na nyimbo nyingine za akina Kinyonga, nikahitimisha kwamba huo ndio "mwandiko" wao. Wenzangu walipiga makofi. Jioni moja nikamsomea mjomba wangu, mtu aliyecheza dansi kuliko alivyolala. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akauliza, "Sasa mpwa wangu, hao Les Wanyika umewazika wapi?"

"Sina Makosa" ni wimbo wa Les Wanyika. Jengo langu lote likaporomoka kwa swali moja.

Nimeamua kuieleza habari hii hapa kwa sababu nimegundua siko peke yangu. Nimepekua kazi kadhaa za wenzangu zinazojadili nyimbo za dansi, na kosa hili limejaa tele: wimbo wa bendi hii unapewa bendi ile, mwimbaji anafanywa mtunzi, au basi inaandikwa tu "wimbo wa zamani". Hebu fikiria mtu aandike hivyo kuhusu tamthilia! Atafukuzwa semina. Lakini wimbo, aah, wimbo ni wimbo tu.

Tuanze na hao Wanyika. Akina Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz ya Tanga, wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakavuka mpaka kuingia Kenya, ambako bendi yao ilijulikana kama Simba Wanyika. Mwaka 1978 ikapasuka. Waliotoka ni pamoja na mpiga gita la rithimu Omari Shabani, ambaye mashabiki wanamwita Profesa, mpiga besi Tom Malanga, na Rashid Juma wa drams. Wakaungana na John Ngereza, na ndipo Les Wanyika wakazaliwa. Baadaye Issa Juma naye akawa na kundi lake, Super Wanyika. Kwa hiyo jijini Nairobi kulikuwa na Wanyika wa kila namna, wote wakiimba Kiswahili kilichonyooka cha pwani ya Tanganyika, na wote wakigombea wanunuzi wale wale wa sahani za santuri.

Sasa angalia ni nani hasa waliotoka: rithimu, besi na drams. Hicho ndicho kiti ambacho wimbo mzima unakikalia. Gita la solo linaweza kupamba, sauti inaweza kubembeleza, lakini mwendo wa wimbo unashikwa na hao watatu. Walipoondoka, waliondoka na mwendo. Kwa hiyo sikio langu lililosikia "Simba Wanyika" ndani ya "Sina Makosa" halikuwa sikio la kijinga moja kwa moja. Lilisikia undugu wa kweli. Kosa langu lilikuwa kuufanya undugu wa ala kuwa umoja wa mtunzi. Nilihamisha gita nikaliita dhamira.

Upande wa Tanzania mambo ni magumu zaidi, maana huku bendi nyingi hazikuwa mali ya wanamuziki. Mashirika, viwanda, jeshi, polisi na jumuiya za chama ndizo zilizonunua magita na vipaza sauti, zikaajiri wapigaji kama zinavyoajiri makarani. Mfano unaofahamika kuliko yote ni NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi ikawa Juwata Jazz. Kilipokuja kuwa OTTU mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikawa OTTU Jazz. Watu wale wale, pengine kwenye jukwaa lile lile, majina matatu. Mwanafunzi akikuta kanda mbili, moja imeandikwa NUTA na nyingine Juwata, anaweza kukesha akilinganisha "bendi mbili" ambazo ni bendi moja iliyobadilishiwa shati.

Lakini kuna kitu ambacho hakikubadilika: mtindo. NUTA walipiga Msondo, Juwata wakapiga Msondo, OTTU wakapiga Msondo, na mwisho wa safari bendi ikajiita Msondo Ngoma. Mwenye mali amepita, jina la mtindo limebaki, na sasa ndilo jina la bendi yenyewe. Mimi naona hili ni jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia.

Kwani mtindo ni nini? Sisi darasani tukisema mtindo tunamaanisha namna msanii anavyoipa kazi yake sura: uteuzi wa maneno, mpangilio wa matukio, nafsi anazotumia. Watu wa dansi wanatumia neno lile lile kwa maana iliyo jirani lakini si moja. Kwao mtindo ni jina ambalo bendi inaupa mwendo wake na uchezaji wake, na jina hilo linatangazwa, linachezwa, linaitwa ndani ya wimbo wenyewe. Western Jazz walikuwa na Saboso. Tabora Jazz, Segere Matata. Mwenge Jazz ya jeshi, Paselepa. UDA Jazz ya shirika la mabasi, Bayankata. Dar International ya Marijani Rajab, Super Bomboka. Mengine yana maana inayofuatika, mengine ni mlio tu unaopendeza mdomoni, na nadhani si kila jina linahitaji kamusi. Hata hivyo, machache yanasema mengi. Maquis du Zaire waliotoka Kongo wakaweka makazi Dar es Salaam walikuwa na mtindo wa Kamanyola, na Kamanyola ni mji ulioko Kivu. Msondo ni ngoma ya watu wa pwani. Sikinde, mtindo wa Mlimani Park, nayo ni ngoma ya Wazaramo, na hiyo "ngoma ya ukae" inayofuatia maana yake ni ngoma ya nyumbani. Yaani bendi yenye magita ya umeme, saksafoni na tarumbeta inasimama ukumbini Dar es Salaam na kujitambulisha kuwa ni ngoma ya nyumbani Uzaramo. Tunaoandika kila mwaka juu ya uhusiano wa fasihi simulizi na sanaa za kisasa, mfano ndio huo umekaa mlangoni.

(Kwa faida ya wanaoingia mwaka wa kwanza: Mlimani Park haikupewa jina kwa heshima ya chuo chetu. Ni jina la baa ambamo bendi ilianza kupiga mwaka 1978. Ilipochukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndipo zikaongezwa herufi DDC. Tuache kujigamba.)

Mlimani Park wanatupa mtihani mwingine. Muhiddin Maalim Gurumo na Hassani Bitchuka walitoka Juwata kuja kuijenga Sikinde. Mwaka 1985 wao pamoja na Abel Balthazar wakaondoka kwenda Orchestra Safari Sound, mtindo Ndekule. Michael Enoch, aliyekuwa akipiga muziki Dar es Salaam tangu enzi za Dar es Salaam Jazz na ambaye wapigaji walimwita Ticha, alibaki. Baadaye Gurumo akarudi alikotoka, Msondo. Kwa hiyo ukisikia sauti ya Bitchuka, ile nyembamba inayopanda kama moshi wa asubuhi, bado hujajua unasikiliza bendi gani. Sauti ni ya mtu, na mtu ana miguu.

Tufanyeje basi? Mjomba alinionyesha njia ambayo sikuifikiria, nami nimeijaribu, inafanya kazi. Nyimbo nyingi za dansi za miaka ile zina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu, ndiyo yenye hadithi: barua, malalamiko, mawaidha, kesi ya ndoa. Hiyo ndiyo tunayoinukuu sisi kwenye insha, kisha tunazima redio. Sehemu ya pili ni chemko. Mwendo unakaza, maneno yanapungua, mabomba yanaitikiana na magita, na hapo ndipo waimbaji wanapoanza kuita: jina la mtindo, jina la mpiga solo, wakati mwingine jina la mpiga tumba au la shabiki aliyelipa kiingilio. Sisi tunaiona sehemu hiyo kuwa ni makelele ya kuchezea. Kumbe ndiyo yenye saini.

Nikikumbuka vizuri kozi ya ushairi, watunzi wa tenzi walifanya jambo lisilo mbali na hilo. Beti za mwisho aghalabu zinataja nani ametunga, ni wa ukoo gani, na lini. Utendi wa Mwana Kupona una tarehe yake ndani, mwaka 1275 wa Hijria, ambao kwa hesabu ya Miladi ni 1858. Mnakili akibadilisha karatasi, jina linabaki kwa kuwa limefumwa kwenye vina. Sidai kwamba wapiga dansi waliiga tenzi. Ninachosema ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na shida moja: kazi yako inasafiri mikononi mwa watu usiowajua, kwa hiyo jina lako lisafiri nayo tumboni. Bendi za Tanzania zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na wimbo ukarushwa hewani kwa jina la bendi. Usipojitaja ndani, nani atakutaja?

Kuna rafiki yangu mmoja, msomi mzuri tu, amenibishia. Anasema katika fasihi simulizi mtunzi ni jamii, kwa hiyo kuhangaika na jina la mtu mmoja ni fikra za kimagharibi. Namheshimu, lakini hapana. Ngano ya sungura haikuwa na mtu aliyekwenda dirisha la mhasibu kudai posho yake. Wimbo wa dansi una mtu. "Neema" imetungwa na Cosmas Tobias Chidumule, akaiimba na Mlimani Park, kisha akaacha dansi akageukia nyimbo za Injili. Huwezi kumsoma Chidumule wa Injili vizuri kama hujui kwamba ni yule yule wa "Neema". Ukisema "jamii imetunga", umeufuta mpito huo wote.

Tena kufutwa kuna hasara ya shilingi. Angalia "Malaika". Dunia imeusikia kwa Miriam Makeba, mwaka 1981 Boney M wakaurekodi. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mapema na akajulikana kama mwenyewe, huku wengine, akiwemo Adam Salim, wakitajwa kuwa ndio waliotunga. Fadhili amefariki mwaka 2001 na ubishi ukiendelea. Tanzania ilipata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na COSOTA ikaanzishwa chini yake. Hesabu mwenyewe: NUTA Jazz ilikuwa tayari na miaka 35. Gurumo alistaafu muziki mwaka 2013, na mwaka huo huo kijana wa Bongo Fleva, Diamond Platnumz, akamzawadia gari. Gazeti likaandika, watu wakafurahi, nami nilifurahi. Lakini mtu aliyeimba tangu miaka ya 1960, katika bendi tatu kubwa, kupewa gari kwa hisani ya kijana aliyezaliwa wakati yeye keshakuwa mkongwe, hilo nalo ni maandishi. Linasomeka. Alifariki mwezi Aprili mwaka uliofuata.

Nimeirudisha kazi yangu ya semina kwa mhadhiri nikiwa nimeifanyia marekebisho. Sehemu ya akina Kinyonga nimeipunguza, sehemu ya Les Wanyika nimeiandika upya, na kwa kila wimbo nimeweka mambo manne: bendi, mtindo, anayeimba, na mtunzi pale anapojulikana. Safu ya mtunzi ina nafasi wazi nyingi kuliko nilivyotarajia. Mjomba amejaza mbili kwa kumbukumbu, ya tatu tumebishana nayo mpaka shangazi akazima taa. Kuna kanda moja iliyobaki, haina lebo wala kasha, na upande wa pili umekatika kabla ya chemko.